Zamu ya Jirani



Huku kwetu Lukuledi majirani wawili hupatana kusaidiana palizi: leo shamba langu, kesho lako. Hawaandikiani hati, wala hakuna askari wa kuwasimamia. Kila mtu ana jembe lake na hiari yake. Basi, ni kitu gani kinachomzuia mmoja asisaidiwe leo, na kesho zamu ya mwenzake ikifika akalala?

Profesa mmoja wa Marekani, Robert Axelrod, alilichungua jambo hili kwa kompyuta, akatangaza matokeo mwaka 1980. Aliwaomba wataalamu wamletee programu, akazishindanisha mbili mbili. Zikisaidiana, kila moja hupata alama 3. Moja ikiidanganya nyenzake, yenye hila hupata 5, nyingine haipati kitu. Zikidanganyana, kila moja hupata 1. Kila shindano lilikuwa na zamu 200.

Zikaja programu 14, nyingine za ujanja mwingi. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, nayo ililetwa na Profesa Anatol Rapoport. Kazi yake ni hii tu: huanza kwa wema, kisha humtendea mwenzake kama alivyotendewa zamu iliyopita. Ajabu yake, haikumpita hata mpinzani mmoja walipokutana wawili. Ilishinda kwa jumla, maana kila aliyetaka kusaidiana alifaidika nayo.

Siri yake ni kukutana tena. Mpita njia akikupunja, kesho hayupo. Jirani utamkuta kisimani kesho, na kanisani Jumapili.

Lakini kanuni hiyo ina kasoro, nami niliijua kwa hasara. Mwaka mmoja jirani yangu hakutokea siku ya zamu yangu. Nikasema, kumbe ni mlaghai! Zamu yake ilipofika, nikakaa nyumbani. Naye akanilipa vivyo hivyo. Wiki tatu majani yakala mahindi ya pande zote mbili. Kumbe siku ile alikuwa na homa, akamtuma mtoto aniambie, na mtoto akapitia kwenye mchezo, akasahau. Aliyetuokoa ni mke wangu. Alfajiri moja alichukua jembe, akaenda kupalilia shamba la jirani bila kuniuliza. Kesho yake jirani alikuja kwetu na watu wake wote.

Mwaka 1992 wataalamu Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha jambo hilo hilo kwa hesabu: pale ambapo makosa hutokea, anayelipa wema kwa wema, na kusamehe ubaya mara mojamoja, hufika mbali kuliko anayelipiza kila mara. Wazee wetu walikwisha sema: kosa moja haliachi mke.

Wala kusamehe si kufumba macho. Korosho zetu huuzwa mnadani kwa pamoja, na anayetia mchanga guniani huwaharibia bei wanachama wote. Asifichwe. Akanywe, na gunia lake lichambuliwe upya mbele yake. Lakini akijirekebisha, msimu ujao asiitwe mwizi.

Je, msomaji, yuko jirani mliyeacha kupeana zamu? Kabla ya kumlipiza tena, nenda ukamwulize kama kuna ujumbe uliopotea njiani.