Servo ya freni: kuingia si kufaa



Kila mavuno tunapakia mpunga hapa Lubarika, na juu ya magunia tunapanda sisi wenyewe. Gari zetu ni za zamani, Land Cruiser na Land Rover zenye zilishachoka mbele ya kutufikia. Piesi hazipatikani kila siku, kwa hiyo tunafunga yenye tunapata. Kwa mlango ao kiti, hakuna shida. Kwa servo ya freni, sisi tunasema hapana.

Tulijifunza kwa gari yetu. Servo ilikufa, fundi akaleta ingine ya modeli tofauti. Buloni zote ziliingia sawasawa, tukalipa, tukafurahi. Siku ya kwanza na mzigo, freni zikaanza kushika zenyewe, magurudumu yakatoa moshi. Kile chuma chembamba chenye kinatoka ndani ya servo na kusukuma pompi kubwa ya freni kilikuwa kirefu kupita kipimo. Kingekuwa kifupi, pedali ingeshuka sana mbele ya gari kushika.

Na si chuma hicho tu. Gari ya freni za disiki mbele na gari ya freni za tamburi hazitumii pompi kubwa ya namna moja. Tena servo inasaidia mguu kwa nguvu ya moteri kunyonya hewa. Moteri ya esansi inanyonya yenyewe. Ya mazutu inahitaji pompi ndogo ya kunyonya, na kwa Toyota nyingi za zamani iko nyuma ya alternateri. Pompi hiyo ikikufa, hata servo mpya haisaidii kitu.

Ndiyo sababu shofere asizime moteri kwenye mteremko wa Ngomo eti anachunga mazutu. Hewa ikishanyonywa, inatosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Wengine watasema: piesi yenye kufaa iko bei, na mpunga utalala. Ni kweli, na sisi hatuna pesa ya kutupa. Lakini leo shofere na fundi ndio wanaamua peke yao, na wenye kukaa juu ya magunia hawaulizwi. Tunaomba mambo matatu. Kila safari itoe kitu kidogo kwa kasha ya freni. Servo isinunuliwe bila kuweka ile ya zamani kando yake, kupima chuma na kulinganisha pompi. Na mbele ya kupakia, mmoja wa kamati asimame hapo: moteri ikiwa imezimwa, shofere akanyage mara tano mpaka pedali iwe ngumu, aishikilie, halafu awashe. Pedali ikishuka kidogo, servo inafanya kazi.

Isiposhuka, gari isitoke. Mpunga unaweza kungoja siku mbili. Watu wenye kuanguka Ngomo hawarudi.