Daktari wa Mifugo Naye ni Daktari

Muhula uliopita mwalimu wetu alituuliza, mmoja mmoja, tungependa kazi gani baada ya masomo. Niliposema nataka kuwa daktari wa mifugo, darasa zima lilicheka. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyo ameogopa kutibu watu!" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi.

Msomaji, kunja mkono wa shati lako. Wengi wetu tutaona kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu, iitwayo BCG. Herufi G ni ya Camille Guérin, Mfaransa, naye alikuwa daktari wa mifugo. Mwaka 1897 aliingia katika maabara ya Albert Calmette, daktari wa watu, mjini Lille, akiwa msaidizi tu. Alijifunza kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1908 wawili hao walichukua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakavikuza juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila majuma matatu hivi walivihamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, hata mji wao ulipokuwa mikononi mwa Wajerumani wakati wa vita. Mwishowe vijidudu vile vilipoteza nguvu ya kuleta ugonjwa, lakini viliweza kuufundisha mwili kujikinga. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris.

Hata hapa Afrika Mashariki tuna mfano. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, pamoja na wenzake, walitengeneza chanjo ya sotoka kwa kukuza virusi katika chembe za figo za ndama. Sotoka ndiyo iliyofyeka ng'ombe wa babu zetu miaka ya 1890, na njaa ikafuata. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu.

Sasa nieleze yaliyotupata nyumbani. Shangazi yangu aliugua homa miezi mingi, akapewa dawa za malaria tena na tena. Mwaka huohuo ng'ombe wetu wawili walitupa mimba. Baadaye sana alipopimwa kwingine alionekana ana brusela, ugonjwa uleule wa kutupa mimba, ambao mtu huweza kuupata kwa kunywa maziwa mabichi. Daktari alimwona shangazi, bwana mifugo aliwaona ng'ombe, wala hapakuwa na mtu aliyewatazama wote pamoja.

Mtu wa kutazama hivyo ndiye ninayemtaka. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, udaktari wa mifugo husomwa miaka mitano. Lakini kutibu ni kazi moja, na kuchunguza ni kazi nyingine. Mchunguzi hana budi kujua kuuliza swali linaloweza kujibiwa, kuandika kila alichokiona, kushindwa na kurudia. Hayo hayapatikani kwa mtihani. Hupatikana kwa kukaa miaka kadhaa maabarani kando ya fundi aliyebobea, kama Guérin alivyokaa. Kwa hiyo naona yafaa kila mwaka wahitimu wachache walipiwe mafunzo hayo, wasome bega kwa bega na madaktari wa watu.

Wazee watasema, "Mabwana mifugo vijijini hawatoshi, mbona mwawapeleka maabarani?" Swali hilo ni la haki. Lakini sisemi waende wote. Anayetibu huponya ng'ombe aliye mbele yake, na tunamhitaji. Anayechunguza huweza kuokoa mifugo ambayo hataiona kamwe, na watu pia.

Wazazi wetu, mtoto akitaja kazi hii msimwambie achague iliyo bora. Walimu wetu, tuacheni tutazame kwa hadubini mara nyingi zaidi, si siku za mtihani tu. Na wewe mwenzangu uliyecheka, sikukasirikii. Ila kabla hujacheka tena, tazama mkono wako.