Kompyuta ya Karani wa Tawi ni Mlango Wetu Sote



Twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watacheka wakilisoma katika karatasi hii. Watasema kazi ya chama ni mshahara, nyumba na saa za kazi, si kompyuta. Basi twawauliza: orodha ya majina yetu iko wapi leo? Zamani ilikuwa katika daftari kubwa, daftari likafungiwa sandukuni, na ufunguo alikuwa nao mtunza hazina. Leo katika matawi mengi orodha imo ndani ya kompyuta iliyo nyumbani kwa karani wa tawi, juu ya meza ile ile ambayo watoto huchezea michezo yao jioni. Humo mna majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na ada ya kila mtu. Mwenye kuipata orodha hiyo ajua nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Hatuna haja ya kuwaeleza wafanya kazi ni nani angependa kujua hayo.

Maadui wa kompyuta ni wengi, lakini kwa sisi watu wa kazi yatosha kuwajua wa namna mbili. Kuna virusi, ambavyo huingia, hujizalisha, na kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine kama kunguni katika magodoro. Hivi mara nyingi huonekana. Umepeleka flashi saiba kupiga chapa barua, umerudi nayo nyumbani, na mafaili yako yote yamegeuka vijina vidogo visivyofunguka. Wengi wetu tumeyaona hayo. (Usikimbilie kuifuta flashi hiyo, maana kwa kawaida virusi vya namna hii huyaficha tu mafaili, na fundi ajuaye kazi aweza kuyafichua.) Namna ya pili ni programu za kupeleleza. Hizi hazipigi kelele. Hukaa kimya, huandika kila herufi unayobonyeza, pamoja na neno la siri la barua pepe na la benki, kisha humpelekea mwenyewe aliye mbali. Mashine yaweza kwenda vizuri kabisa huku mpelelezi yumo ndani. Kwa hiyo asemaye, "Yangu haina taabu, ni nyepesi," hajathibitisha kitu.

Huingiaje? Hapa yatupasa kusema wazi. Kompyuta zetu nyingi twazinunua kuukuu. Fundi wa mtaani hutia Windows isiyolipiwa, kisha huongeza kijiprogramu cha kuidanganya ijione kuwa imelipiwa. Kabla ya kukitia huizima kinga, kwa sababu kinga ikiwa macho itakikamata. Fikirini jambo hilo, ndugu. Ni kama mgeni akuambiaye, "Mfunge mbwa wako nipate kuingia," nawe wamfunga, naye akiisha kutoka humfungui mbwa tena. Hatumlaumu mwanachama kwa hayo. Windows halali ni ghali kwa mshahara wetu, na fundi hakumwambia alilofanya. Lakini kutolaumiwa hakumzuii mwivi.

Tena kuna kutotengeneza. Kila programu ina nyufa, na watengenezaji hutoa marekebisho ya kuziba nyufa hizo kila zinapojulikana. Sisi hatutaki yaingie, kwa sababu yanakula bando. Hesabu hiyo ina hatari. Mwezi Machi 2017 Microsoft walitoa rekebisho la ufa mmoja katika Windows. Wengi hawakulitia. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa ule ule, vikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, na kila mwenye mashine akadaiwa dola 300 apate kufunguliwa mafaili yake. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Na ndugu zetu wa reli ya Ujerumani waliona mbao za stesheni, zinazoonyesha saa za treni, zikionyesha barua ya mwivi mbele ya abiria. Treni ziliendelea kwenda. Lakini rekebisho lilikuwa limekwisha kutolewa karibu miezi miwili mbele. Mtu wa reli aelewa maana ya ufa uliojulikana ukaachwa.

Sasa juu ya kusafisha. Tutaeleza kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo mafundi wengi hutukata fedha bure.

Ukishuku mashine, kwanza ikate na intaneti: chomoa waya, zima waifai. Mpelelezi asiye na njia ya kupeleka habari ni nusu ya mpelelezi. Usibadilishe maneno ya siri kwenye mashine hiyo hiyo, maana utakuwa wampa mwivi yale mapya. Tumia mashine au simu nyingine unayoiamini, na anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako aweza kujifungulia milango mingine yote. Kisha nakili barua, picha na hesabu zako katika diski ya nje, lakini programu usinakili hata moja. Tazama orodha ya programu zilizotiwa, uondoe usiyoijua. Tazama na vile viongezo vilivyoning'inia kwenye kivinjari. Huko watu husahau kutazama, nako matangazo ya uchafu na wapelelezi hupenda kukaa. Halafu ikague mashine nzima kwa kinga iliyo ndani ya Windows yenyewe, iitwayo Defender. Haina malipo, na kwa nyumba ya mfanya kazi yatosha. Usitie kinga mbili zinazolinda pamoja, zitagombana na mashine itakwenda kama mkokoteni. Defender ina ukaguzi mwingine ambao huizima kompyuta na kuitazama kabla Windows haijaamka. Huo ndio mzuri, kwa sababu wapelelezi wengine hujificha Windows inapokuwa macho.

Na kama uchafu warudi baada ya hayo yote? Basi futa kila kitu, utie Windows upya, iliyochukuliwa kwa Microsoft wenyewe kwa kutumia mashine safi. Kwa maoni yetu kompyuta yenye orodha ya tawi isingoje hata hapo. Ikishukiwa tu, ifutwe. Ni kazi ya nusu siku. Mashine ya nyumbani yenye nyimbo na picha za arusi, mwenyewe ataamua.

Kulinda ni rahisi kuliko kusafisha. Karani awe na jina lake la kuingilia, watoto wawe na lao lisilo na ruhusa ya kutia programu. Barua pepe iwekewe hatua ya pili, kuthibitisha kwa simu. Na Windows iamriwe kuonyesha majina ya mafaili kwa ukamilifu, ili faili lijiitalo barua, nalo mkiani lina "exe", litambulikane kuwa ni programu iliyovaa kanzu ya barua. Zile ilani zinazoruka ghafla kusema, "Kompyuta yako ina virusi, piga simu hii," ni uongo. Microsoft hawaweki nambari ya simu katika ilani zao. Funga ukurasa, na ukikataa kufungika, zima mashine.

Tena, Windows 10 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kubeba Windows 11. Tusiambiwe kwamba dawa ni kununua mpya tu. Linux yapatikana bila malipo, ni halali, huletewa marekebisho, na huenda vizuri katika mashine za zamani. Kuandika barua na kutunza hesabu hufanywa humo bila shida. Ajabu ni kwamba tunaiba kitu chenye bei hali jirani yake ni cha bure.

Wako watakaosema, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Ndugu huyo atazame tena. Waajiri wengi siku hizi hawatoi karatasi ya mshahara. Mtu aitoe mwenyewe katika intaneti, kwa mashine yake na kwa bando lake. Kodi hali kadhalika, na sako nayo imeanza. Kazi ya ofisi imehamishiwa nyumbani kwetu, lakini gharama ya ulinzi hakuna aliyeihamisha pamoja nayo. Twaona hilo nalo ni la kuwekwa mezani siku ya mapatano, kama viatu na makoti ya mvua.

Lakini orodha ya tawi haiwezi kungoja mapatano. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yamtaka kila atunzaye habari hizo azilinde, na hatuoni kama chama kimeachwa nje. Twapendekeza kwa mkutano wa tawi kwamba fedha zitolewe kununua kompyuta moja ya tawi isiyochezewa na mtoto wa mtu, na diski mbili za nje. Diski moja ipokee nakala kila Ijumaa kisha ichomolewe, maana virusi vya kudai fedha hufunga hata diski vinayoikuta imechomekwa. Ya pili ikae kwa mtunza hazina. Novemba 2016 wevi walifunga kompyuta za shirika la usafiri la mji wa San Francisco, Marekani, wakadai Bitcoin 100. Abiria wakapanda bure kwa muda, lakini shirika halikulipa, kwa sababu lilikuwa na nakala zake.

Bei ya vitu hivyo tumeiuliza katika maduka matatu, nayo itasomwa mkutanoni. Hata siku hiyo, karani asiichomeke flashi ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti.