Vyumba vya juu ya maji: ziwa ni moja, cheti nacho kiwe kimoja

Wawekezaji wa hoteli za kando ya ziwa hawaridhiki tena na chumba kinachotazama maji. Wanataka chumba kiwe juu ya maji yenyewe: nyumba ndogo ya mbao iliyosimama kwenye nguzo, paa la nyasi, daraja jembamba la kuifikia kutoka nchi kavu, na ngazi ya kushukia ziwani. Ni rahisi kuelewa kwa nini kikundi cha wafanyabiashara kilichochangishana mwaka mzima, kikoba kwa Watanzania au chama kwa Wakenya, kingetamani kwenda kupumzika mahali kama hapo.

Gazeti hili halipingi biashara hiyo. Tunachopinga ni kuiga nyumba ya watu bila kuangalia maji yetu. Kabla vyumba hivi havijazagaa kwenye fukwe za Ziwa Victoria, nchi tatu zinazolimiliki zinapaswa kukubaliana juu ya kiwango kimoja cha usalama na cheti kimoja kinachotambulika pande zote.

Tuanze na mvuto wake, kwa sababu si wa kubeza. Vyumba vya aina hii vilianzia visiwa vya Polinesia ya Kifaransa katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1967, Wamarekani watatu waliokuwa na hoteli kisiwani Raiatea, mahali pasipokuwa na ufukwe mzuri wa mchanga, waliamua kujenga vyumba juu ya maji. Upungufu wa ufukwe ukageuka mtaji, na leo Maldives na nchi nyingine nyingi zinaishi kwa wazo hilo. Hapa kwetu, Pemba ina chumba kinachoelea baharini tangu 2013, na sehemu yake ya kulala iko chini ya maji. Mgeni huvuka mabara kuja kukilalia.

Faida haiishii kwa mwenye hoteli. Chumba cha mbao kinahitaji mbao, nyasi, mikeka, kamba, vyandarua na mapazia. Jiko lake linahitaji sato, sangara, ndizi, mchele na vitunguu. Bidhaa hizo ndizo zinazopita kila siku Mutukula, Busia na Sirari mikononi mwa wasomaji wetu. Hoteli moja ikifanikiwa Bukoba, muuza ndizi wa upande wa Uganda naye anapata mteja. Hiyo ndiyo maana ya soko la pamoja.

Tofauti iko kwenye maji. Vyumba vya Pasifiki vimejengwa ndani ya rasi iliyozungukwa na miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi, na katika visiwa hivyo maji kupwa na kujaa hupishana kwa kiasi kidogo sana. Fundi anajua maji yataishia wapi. Ziwa Victoria halina miamba ya kulizuia wala kipimo kinachotulia. Mwaka 2006 maji yalishuka hadi kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, boti zikakwama matopeni. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilipita mita 13.4, kiwango ambacho mara ya mwisho kilifikiwa mwaka 1964. Kati ya nyakati hizo mbili ziwa lilipanda kwa takriban mita 3, yaani kimo cha chumba kizima. Nguzo iliyopimwa mwaka wa ukame inaweza kuzamisha sakafu mwaka wa mvua, na ile iliyopimwa mwaka wa mvua inaweza kukiacha chumba kikining'inia juu ya matope.

Mwaka huohuo wa 2020 ulitufundisha jambo jingine. Maji yalipopanda, vipande vya ardhi yenye mafunjo na magugu vilimeguka kutoka ufukweni na kuelea kama visiwa. Aprili, kimoja kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Jinja, na Uganda ikaingia gizani. Kitu chenye uzito wa kusimamisha mitambo ya umeme hakitashindwa kung'oa nguzo za mbao.

Halafu kuna usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana katikati ya ziwa na kupandisha mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba kali za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, jambo ambalo kila mvuvi wa dagaa analijua. Mgeni amelipa ili alale juu ya maji, na saa anazolala ndizo saa ambazo ziwa huchafuka. Njia yake ya kutoka ni moja, lile daraja jembamba. Moto ukizuka kwenye paa la nyasi karibu na ufuo, walio mbele watakuwa wamefungiwa njia, na maji waliyozungukwa nayo hayatawafaa kitu bila pampu na mtu wa kuiendesha.

Ngazi ya kushukia ziwani nayo inahitaji maneno yake. Baharini ni starehe. Ziwani, ghuba zilizotulia na zenye majani, ambazo mjenzi huzipenda kwa sababu hazina mawimbi, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Sehemu nyingine zina mamba na viboko. Mwenye hoteli mkweli atamwambia mgeni wapi aogelee na wapi asiguse.

Je, msaada utafika kwa haraka kiasi gani? Historia yetu haitupi haki ya kujidanganya. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, mita chache kabla ya kutia nanga, na zaidi ya watu 220 wakafa. Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, na wa kwanza kuwafikia walionusurika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Tunawashukuru wavuvi. Lakini hoteli inayotoza watu kwa kuwalaza juu ya maji haiwezi kutegemea mvuvi anayepita. Iwe na boti yake, mwendeshaji wa zamu ya usiku, na jaketi la kujiokolea kwa kila kitanda, la watoto likiwemo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watalii, mfanyabiashara wa mpakani hayamhusu. Tunawakumbusha yaliyotokea kati ya 1997 na 2000. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa nyakati tofauti, kwanza kwa sababu ya usafi na hofu ya kipindupindu, kisha kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama na wachuuzi wakabaki na mali isiyo na mnunuzi. Soko halikuuliza ni ufuo gani uliochafuka. Samaki wote walibeba jina moja la ziwa. Chumba cha juu ya maji kina choo, bafu na wakati mwingine jiko. Majitaka yake yakiachwa yadondoke chini, hasara itapita mpaka bila pasipoti. Anayeuza dagaa Mwanza, omena Kisumu au mukene Kampala atailipa, ingawa hajawahi kulala hotelini humo.

Sasa tazama sheria. Uganda inahesabu mita 200 za hifadhi kandokando ya maziwa yake makubwa. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inahesabu mita 60. Kenya ina vipimo vinavyotofautiana kati ya sheria moja na nyingine. Kwenye Ziwa Tanganyika, Burundi imeweka mita 150. Tena sheria hizi ziliandikwa kwa kufikiria jengo la nchi kavu. Linalosimama majini limeshauvuka mstari, na hatima yake inabaki kwenye kibali cha ofisi moja na jicho la afisa mmoja. Mwekezaji aliyekataliwa upande mmoja anaweza kusogea kilomita chache, akajenga kilekile juu ya maji yaleyale.

Tanzania ina takriban asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6, lakini mawimbi hayafuati mgawanyo huo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, iliundwa kwa mambo ya namna hii. Tunaitaka ipeleke kwa Baraza la Mawaziri pendekezo la kiwango kimoja chenye mambo matano. Sakafu ipimwe kutokana na kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa, na nafasi ya ziada iongezwe. Kila safu ya vyumba iwe na njia mbili za kutokea. Majitaka yote yasukumwe kwa bomba hadi kwenye matangi ya nchi kavu. Hoteli iwe na boti, mlinzi wa usiku na utaratibu wa kupokea taarifa za hali ya hewa. Na iwe na bima inayomlipa mgeni kutoka nchi yoyote ya Jumuiya, bila kumlazimisha kufungua kesi ugenini.

Hili halishindikani. Leo mama anayevusha magunia ya maharage yasiyozidi thamani ya dola 2,000 anapata cheti cha uasili kilichorahisishwa, na nchi jirani inakiheshimu. Jumuiya hiyohiyo ina vigezo vya pamoja vya kuzipa hoteli nyota. Kama tumeweza kukubaliana juu ya gunia la maharage na ubora wa hoteli, hatuwezi kushindwa kukubaliana juu ya nguzo zinazobeba watoto wetu usiku.

Wakati mawaziri wakilijadili, wasomaji wetu wana nguvu yao. Kikundi kinachotaka kulala juu ya maji kiulize kabla ya kulipa: boti ya uokoaji iko wapi, nani anakesha, choo kinamwaga wapi, umeme unakatwaje maji yakipanda, na maelekezo ya dharura yameandikwa kwa lugha gani. Yakiwa kwa Kiingereza peke yake, mwambieni mwenye hoteli kwamba wateja wake wanazungumza Kiswahili. Na nyinyi mnaomuuzia mbao, samaki na mikeka, mnaijua hoteli kwa mlango wa nyuma kuliko mkaguzi yeyote. Mkiona bomba la choo limeelekezwa ziwani, msinyamaze kwa kuogopa kupoteza oda. Oda hiyo ni ya mwezi mmoja, na ziwa hilo ndilo linalowapa mtaji mwaka mzima.