UFUNDI NYUMBANI: Chombo cha Kubana Sauti Ukumbini

Baada ya sherehe za kambini husikika lalamiko lile lile: wazee waliokaa nyuma hawakuipata hotuba, na watoto waliokaa mbele karibu na spika walirudi nyumbani wameziba masikio. Lawama humwangukia msemaji, kwamba mara alinong'ona, mara alifoka. Lakini ndivyo asemavyo binadamu ye yote. Chombo cha kubana sauti kiliundwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Huizuia sauti inapopanda, bila mwendeshaji kuurukia mtambo kila neno linapopaazwa.

Raki ya kukifungia haina siri. Upana wake ni inchi 19, amplifaya nzito hukaa chini, na hewa huachiwa njia. Waya wa sauti hutoka kwenye mikisa, hupitia chombo, kisha huenda kwenye amplifaya. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, kwa maana mshindo wa swichi waweza kuiharibu spika.

Mvumo ukisikika, wapo mafundi wanaokata waya wa ardhi kwenye plagi ili unyamaze. Huo si ufundi, ni mtego wa mauti: siku umeme utakapoligusa bati la raki, waweza kumfikia aliyeshika maikrofoni. Dawa ni kuchomeka vyombo vyote katika chanzo kimoja cha umeme, au kutia transfoma ya kutenga katika waya wa sauti.

Kitufe cha kwanza huweka mpaka; sauti iliyo chini yake hupita kama ilivyo. Cha pili huweka kiasi cha kubana. Kikiwekwa 4 kwa 1, sauti iliyouvuka mpaka kwa desibeli 8 hutoka imeuvuka kwa desibeli 2 tu. Kwa hotuba 3 kwa 1 yatosha. Mtu na aseme kwa nguvu, na mpaka ushushwe polepole hata mshale uonyeshe upungufu wa desibeli 6. Akisema kwa utulivu, mshale urudi sifuri. Kuhusu kasi ya kushika, maelekezo ya kila chombo yasomwe. Katika kile kiitwacho 1176, alichobuni Bill Putnam wa Marekani mwaka 1967, kitufe hicho kikigeuzwa kulia kabisa ndipo chombo hushika upesi zaidi, na wengi wamedanganyika hapo.

Kosa kubwa hufanyika kwenye kitufe cha kurudisha nguvu iliyopungua. Mwendeshaji huona desibeli 6 zimeondoka, naye huziongeza. Maneno ya nguvu hubaki yalivyokuwa, lakini kimya nacho kimepandishwa desibeli 6. Msemaji anyamazapo kufunua karatasi, chombo huachia, maikrofoni huisikia spika, na mluzi huupasua ukumbi. Studio haipati taabu hiyo, kwa kuwa spika haziko mbele ya maikrofoni. Ukumbini kitufe hicho kibaki sifuri, na wazee wa nyuma wasaidiwe kwa njia nyingine: spika ziinuliwe juu ya vichwa, na maikrofoni isogezwe. Umbali kati yake na mdomo ukipunguzwa nusu, sauti huongezeka karibu desibeli 6 zile zile, wala mluzi haukaribii.

Watoto nao wasisahauliwe. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri mfanyakazi asizidishe saa 8 katika desibeli 85, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo nusu. Katika desibeli 100 hubaki dakika 15 tu, na ngoma za harusi hukesha. Viti vya mbele vihamishwe kabla wageni hawajafika.

Vitufe vikishapata mahali pake, paandikwe alama juu ya kipande cha plasta, maana kabla ya sherehe ijayo yupo mtoto atakayekuwa amevigeuza vyote.