Mimi Sio Fair, na Hiyo "Lakini" Siitaki

Juzi kijana mmoja wa huku Nyamira aliingia inboksi yangu na ujumbe mrefu wa Kiingereza cha kale. Fair maiden, my beloved, sijui beauteous nini. Wasee, nilicheka hadi nikamwaga chai. Ni wazi aliomba roboti imsaidie, kwa sababu tukipatana steji ya Keroka salamu yake ni "sasa" tu, macho kwa viatu.

Lakini sitamcheka sana. Shangazi yangu alisoma bweni miaka ya themanini, na barua alizopokea zilijaa dearest na sweetheart, bahasha imepakwa poda. Maneno hayo nayapenda. Hayana rangi.

Fair ndiyo shida. Zamani kabisa Waingereza walisema fæger, na maana yake ilikuwa kupendeza, basi. Baadaye likaanza kumaanisha pia ngozi nyeupe, na maana hizo mbili zikashikana. Kwa Soneti ya 127, iliyochapishwa 1609, Shakespeare anataka kumsifu mwanamke mwenye macho meusi, na inabidi kwanza abishane na hilo neno fair.

Mwaka wa 1611 ikatoka Biblia ya King James. Kwa Wimbo Ulio Bora 1:5, binti anasema yeye ni mweusi, halafu watafsiri wakaweka "lakini" kabla ya comely, yaani mwenye kupendeza. Kwa Kiebrania hapo kuna herufi moja tu, na inaweza kusomwa "na". Tafsiri kadhaa za siku hizi zimeisoma hivyo. Herufi moja, jameni!

Hiyo "lakini" naijua. Nimeisikia tangu shule ya msingi: "Uko mweusi lakini uko na sura poa." Mtu anasema hivyo akingoja umwambie asante. Mdogo wangu, rangi yake kama yangu, ameisikia hadi mwaka jana nikapata krimu ya kung'arisha ngozi chini ya godoro lake. Ako na miaka 15. Nilimuuliza, hakunijibu. Alilia tu.

Nyanya yetu akiona msichana amependeza husema ni omuya. Ni neno lile lile la wema, wa sura au wa tabia. Sisemi Abagusii hatubagui rangi. Tunabagua sana, angalia nani huombwa namba kwanza tukienda Kisii mjini. Nasema tu neno lenyewe halikuzaliwa na huo ugonjwa, na kuliacha eti ni la kishamba ni kujinyima.

Kijana nilimjibu. Dearest abaki nayo, fair airudishe alikoitoa. Akanyamaza siku mbili, kisha akaandika kwa Ekegusii, mstari mmoja: ananipenda, na mimi ni omuya. Herufi mbili amekosea, kwa hivyo najua hiyo si roboti.

Nimemwonyesha mdogo wangu. Amesema kijana ni mshamba. Halafu akaniomba simu asome tena.