Mwanamume Mwenye Mimba ya Mti

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, katika kijiji kimoja kando ya Mnazi Bay, vijana wa ukoo wetu walipotolewa jandoni. Alasiri ngoma zikakaza na kinyago kikaingia uwanjani: mwanamume aliyefunikwa nguo mwili mzima, usoni sura ya mwanamke yenye nembo mashavuni na ndona mdomoni, kifuani amejifunga ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba. Akatembea mkono kiunoni, kwa kuelemewa, kama mja mzito wa miezi tisa. Wanawake wakacheka hadi wakashikana. Sisi tunaviita vinyago hivyo midimu. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma huviita mapiko.

Jioni binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari anayecheza katika kikundi cha sanaa, alinijia. "Shikamoo, mjomba. Nataka kuvaa kinyago kwenye maonyesho yetu ya mjini. Wazee wamekataa, ila wamesema wewe ukikubali watafikiri." Ndugu msomaji, ajuaye mila ya kufuata ukoo wa mama ataelewa uzito wa neno la mjomba.

Nami, kwa uoga uliojivika joho la usomi, nikamtolea mhadhara. Nikamweleza kwamba huko Athens, katika karne ya 5 K.K., hakuna mwanamke aliyeigiza katika tamthilia za sherehe za Dionysus. Medea wa Euripides, mwaka 431 K.K., alichezwa na mwanamume aliyevaa kinyago. Antigone wa Sophocles vivyo hivyo. Kwa hiyo, nikahitimisha, mila yetu si ya ajabu duniani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na hao wanawake wa Athens, mjomba, walikuwa na unyago wao?"

Walikuwa na kitu cha kukaribiana nao. Katika Thesmophoria, wake wa raia walikusanyika siku 3 kumtukuza Demeter, na mwanamume hakuruhusiwa kuingia. Lakini mwaka 411 K.K. Aristophanes aliigeuza sherehe hiyo kuwa komedi, ikachezwa na wanaume watupu. Hapo ulinganisho wangu ulivunjika. Kwetu hakuna mwanamume aliyethubutu kuuleta unyago uwanjani. Husemwa kwamba wanawake hawamjui aliyemo ndani ya kinyago. Mama gani asiyeutambua mwendo wa mwanawe? Hujifanya hawajui, nasi hujifanya hatuyajui yaimbwayo unyagoni. Ni mapatano ya heshima, na kwa hilo wazee wana hoja ambayo sitaibeza.

Hata hivyo, midimu ya leo haiishii jandoni. Inacheza mbele ya wageni wa serikali na katika tamasha la MAKUYA mjini Mtwara, mbele ya vipaza sauti na kamera. Huko siri imekwisha kuachwa kijijini. Kilichobaki ni sanaa, jina na posho, na vyote hivyo vinawaendea wanaume. Ng'ambo ya mto, huko Nangade na Mueda, wanawake wana ngoma yao ya vinyago iitwayo Lingundumbwe, na jando halijafa.

Raia wa Athens walimsikiliza Medea akilalamikia ndoa kwa kinywa cha mwanamume, ilhali wake zao hawakuwa na sauti katika baraza la mji. Nimeyaona hayo kwetu pia: katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume anasimama na kusema "akina mama wanaomba kisima", na akina mama wenyewe wameketi palepale mkekani.

Nimempigia simu dada yangu na kumwambia kwamba nimekubali, kwa maonyesho ya mjini tu. Juni nitakwenda kuketi na wazee. Mmoja wao ameshauliza, kwa mzaha nadhani, binti atabebea nini tumbo la mti ilhali la kwake analo. Binti amejibu kwamba yeye anataka kumcheza mwanamume.